Presha ya macho: tochi inaona nini kwenye mboni ya babu?

Leo tuwaache wanasiasa wapumzike kidogo, tuongelee macho. Najua wengi mnaosoma hapa mko kafe, mmelipia nusu saa, macho yenu yanaona freshi tu, na mkisikia neno glaukoma mnasema hilo ni la wazee, lipite. Ni kweli, kwa sehemu kubwa ni la wazee. Lakini mzee akipoteza macho ni nani anayegeuka kuwa fimbo yake? Sio daktari wala diwani. Ni kijana wa nyumba ile, anayeacha shule au kibarua ili amshike babu mkono kwenda chooni na kurudi. Kwa hiyo ishu hii inakuhusu hata kama una miaka 19.

Huku Balangdalalu, na Hanang na Mbulu kwa ujumla, mzee akianza kujigonga mlangoni majibu huwa mawili tu: "ni uzee", au "ni mtoto wa jicho, ngoja ukomae akafanyiwe operesheni". Jibu la pili mara nyingi ni sahihi kabisa. Mtoto wa jicho ni ile lenzi ya ndani ya jicho inapofanya ukungu. Daktari anaitoa, anaweka ya plastiki, na mzee aliyeingia hospitali akishikwa mkono anarudi nyumbani anahesabu ng'ombe wake mwenyewe. Watu wameshaona hayo, ndo maana hawana haraka. Hata akichelewa miaka miwili mitatu, kwa kawaida operesheni bado inamrudishia.

Kasheshe ni pale ambapo tatizo sio mtoto wa jicho, au sio huyo peke yake. Kuna ugonjwa mwingine ambao ukisubiri "ukomae" umekwisha. Huo ndo glaukoma, ambao wengi tunauita presha ya macho. Kilichonifanya niandike leo ni kwamba kuna njia ya zamani sana ya kuushuku, haina mashine, inataka tochi na mtu anayejua anachotafuta. Na kuna njia mpya inayotokana na hiyo hiyo ya zamani, inayotumia mwanga wa rangi. Zote mbili zinaangalia kitu kimoja: mboni, ile nukta nyeusi katikati ya jicho, inafanya nini ikipigwa mwanga.

KWANZA, UGONJWA WENYEWE

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila siku na kutoka kila siku kupitia kijichujio kidogo sana pembezoni, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na ile sehemu ya kahawia. Sio machozi hayo, ni maji ya ndani kabisa. Kijichujio kikianza kuziba taratibu, maji yanatoka kwa shida na presha ya ndani inapanda. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo kile kile cha zebaki kinachotumika kwa presha ya damu. (Na tusichanganye, presha ya damu ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na moja asiwe na nyingine.)

Kinachoumia ni mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Fikiria waya mkubwa wa umeme ambao ndani yake kuna nyuzi ndogo ndogo zipatazo milioni moja. Glaukoma inakata nyuzi hizo polepole, miaka na miaka. Uzi ukishakatika hauoti tena. Hakuna dawa, hakuna operesheni, hakuna maombi ya mganga yanayourudisha. Dawa zote zilizopo zinazuia tu zilizobaki zisikatike.

Na aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu Waafrika haiumi. Jicho haliwi jekundu, halitoi machozi, haliwashi. Mtu hata haoni giza. Watu wengi wanadhani mwenye glaukoma anaona doa jeusi pembeni. Mara nyingi hapana, ubongo unajaza pale palipokosekana kwa kubahatisha, na jicho moja linamfichia mwenzake aibu. Ndo maana mzee anaweza kusoma ujumbe kwenye simu yako vizuri tu halafu akatoka nje akagongwa na bodaboda iliyotokea pembeni. Sehemu ya katikati huwa ya mwisho kuondoka. Siku mgonjwa anaposema "sioni", mara nyingi sehemu kubwa ya ule waya imeshakufa.

Kuna aina nyingine, ile ya ghafla: jicho linauma vibaya, linakuwa jekundu, mtu anaona duara za rangi kuzunguka taa, anatapika. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, usisubiri basi la kesho kama kuna la leo. Lakini ni ya wachache zaidi, na angalau yenyewe inapiga kelele.

NI WANGAPI?

Hapa tuna bahati kidogo, kwa sababu kipo kipimo kizuri kilichofanyika Tanzania, tena kijijini, sio kwenye kliniki za mjini. Ni Kongwa, mkoa wa Dodoma. Watafiti waliingia vijijini wakawapima watu 3,268 wenye miaka 40 na kuendelea, matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Walikuta glaukoma ya aina zote kwa asilimia 4.16. Ile ya kimya peke yake ilikuwa asilimia 3.1, na ile ya kuziba ghafla au kwa kubana haikufika hata asilimia moja.

Kongwa sio Hanang, nakubali. Lakini ni karibu zaidi na maisha yetu kuliko takwimu za London: ukame, kilimo, mifugo, hospitali mbali. Ukichukua hesabu hiyo, kwenye mkutano wa kijiji wenye watu wazima 100 wa miaka 40 kwenda juu, wanne hivi wanao. Na hata kwenye nchi tajiri, zenye bima na madaktari kila kona, karibu nusu ya wenye ugonjwa huu hawajui kama wanao. Sisi tusijidanganye.

Sasa utauliza, si wapimwe tu? Ndo hapo. Kupima presha ya jicho peke yake hakutoshi, maana wapo wenye presha ya kawaida na mshipa unakufa, na wapo wenye presha ya juu na mshipa mzima. Kuangalia mshipa wenyewe kwa nyuma ya jicho kunataka mtaalamu aliyefundishwa. Mashine ya kupima upana wa kuona inataka umeme wa uhakika, chumba kimya, na mgonjwa anayekaa akibonyeza kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Mpeleke bibi ambaye hajawahi kubonyeza kompyuta maishani, umwambie kwa Kiswahili ambacho sio lugha yake ya kwanza, halafu uone majibu yatakayotoka. Hiyo mashine inapima ugonjwa na inapima uzoefu wa mitihani pia, kwa maoni yangu.

Mboni haina shida hizo. Huiambii ifanye nini. Haihitaji kujua Kiswahili, Kiiraqw wala Kidatoga. Unaipiga mwanga, inajibu yenyewe.

MBONI INAJIBUJE

Kila mtu anajua mboni inasinyaa kwenye mwanga na kutanuka gizani. Inaweza kwenda kutoka milimita kama mbili kwenye jua la saa sita hadi saba au nane gizani kwa kijana (kwa wazee haitanuki sana hivyo). Ambacho wengi hawajui ni njia inayopitia.

Mwanga unaingia, unagonga utando wa nyuma ya jicho, taarifa inapita kwenye ule ule waya wa nyuzi milioni moja, inafika sehemu ya chini ya ubongo. Pale ubongo haujibu jicho lililopigwa mwanga peke yake. Unatuma amri kwa mboni ZOTE MBILI, kwa nguvu ile ile. Ukimulika jicho la kulia tu, la kushoto nalo linasinyaa, hata kama limekaa kivulini. Jaribu usiku kwa rafiki yako, utaona.

Kwa hiyo mboni ni kama mita ya umeme ya ule waya. Waya ukiwa mzima, taarifa inafika kwa nguvu, mboni zote zinabana sana. Waya ukiwa umekatika nyuzi nyingi, taarifa inafika dhaifu, mboni zote zinabana kidogo.

Sasa kuna ujanja mmoja mzuri sana. Daktari wa macho wa Uskochi, Robert Marcus Gunn, alieleza mwanzoni mwa karne iliyopita jinsi mboni ya jicho lenye mshipa mbovu inavyoshindwa kushikilia kubana, na mwaka 1959 Paul Levatin wa Marekani akaandika njia ya kuhamisha tochi kutoka jicho hadi jicho. Njia hiyo ndo inafundishwa mpaka leo.

Inafanyika hivi. Chumba kiwe na giza la wastani. Mzee anaambiwa aangalie mbali, ukutani kule, asiangalie tochi (ukiangalia karibu mboni inabana yenyewe, itakudanganya). Anayepima anamulika jicho la kulia kama sekunde tatu, kisha anavuka pua haraka kwenda la kushoto, sekunde tatu, anarudi, mara kadhaa, mwendo ule ule.

Macho yakiwa sawa, mboni inakaa imebana kote, labda inatikisika kidogo. Lakini tuseme jicho la kushoto lina mshipa mbovu. Tochi ikiwa kulia, mboni zote mbili zimebana vizuri. Tochi inavuka kwenda kushoto. Ubongo sasa unapokea taarifa kupitia waya mbovu, unadhani mwanga umepungua, unalegeza. Kwa hiyo unaona kitu cha ajabu: umeleta mwanga kwenye jicho, na mboni badala ya kubana INATANUKA mbele ya macho yako. Tochi ikirudi kulia, zinabana tena.

Ukishaona mara moja hutasahau. Mzee mwenyewe hasikii chochote. Anakwambia macho yangu yote mazima, mjukuu wangu, na mboni yake inakwambia tofauti.

MTOTO WA JICHO NA MBONI

Hapa ndo pana maana kubwa kwa vijiji vyetu. Mtoto wa jicho, hata ule mweupe kama maziwa, kwa kawaida hauui jibu la mboni. Ukungu unasambaza mwanga, hauzuii taarifa ya "kuna mwanga" kufika. Kwa hiyo mzee mwenye jicho jeupe lisiloona, mboni yake ikibana vizuri kwenye tochi, hiyo ni habari njema: waya wa nyuma bado una uhai, operesheni ina cha kuokoa. Lakini mzee mwenye jicho jeupe ambaye tochi ikifika pale mboni inatanuka, kuna kitu kingine nyuma ya ule ukungu. Inaweza kuwa glaukoma. Ukimtoa mtoto wa jicho bila kujua, atatoka chumba cha operesheni na kioo kipya na waya ule ule uliokufa, halafu kijiji kizima kitasema operesheni zinapofusha watu.

Ndo maana mtaalamu makini anaangalia mboni kabla ya kuweka zile dawa za kutanua. Zikishawekwa, mboni imeganda saa kadhaa na kipimo hiki hakiwezekani siku hiyo. Kwa hiyo ukimpeleka mzee, una haki kabisa ya kuuliza kwa heshima: "Samahani daktari, mboni mmeshaangalia?" Hakuna atakayekupiga.

TOCHI INAPOKWAMA

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kipimo hiki kina mapungufu makubwa, na mtu asiyeyajua anaweza kuumiza wazazi wake.

La kwanza na kubwa kuliko yote: kinalinganisha jicho na jicho. Glaukoma mara nyingi huanza jicho moja likiwa mbele ya lingine, ndo maana tochi inakamata. Lakini macho yote mawili yakiwa yameoza kwa kiwango sawa, hakuna tofauti, mboni hazitanuki wakati tochi inavuka, na wewe utasema "mzee mzima". Ni kama kupima ndoo mbili zilizotoboka sawasawa kwa kuziangalia ni ipi inavuja zaidi. Zaidi ya hapo, tofauti ndogo haionekani kwa macho matupu. Inabidi jicho moja liwe limepoteza takriban robo ya nyuzi zaidi ya mwenzake ndo mtu mwenye uzoefu aione kwa uhakika.

Yaani ukiona mboni inatanuka, ni lazima hospitali, na sio kwa ajili ya glaukoma tu, maana magonjwa mengine ya mshipa huo yanatoa dalili ile ile, mengine mabaya zaidi. Usipoona kitu, hujathibitisha chochote. Hili tafadhali lishikeni.

La pili ni rangi ya macho yetu. Kwenye vitabu picha ni za Mzungu mwenye macho ya bluu, mboni nyeusi inaonekana kama tundu kwenye karatasi. Sisi jicho ni kahawia iliyokolea, na kwenye chumba chenye giza mboni nyeusi na kahawia nyeusi vinachanganyika. Wauguzi wanasaidiwa na tochi kali na mwanga mdogo wa pembeni. Mtu wa kawaida na simu yake atakosea. Kuna pia wale walioumia zamani, jiwe au pembe ya ng'ombe, mboni imekaa upande na haisogei kabisa. Kwa hao mpimaji anaangalia mboni ya jicho zima pekee muda wote, akihamisha mwanga, kwa kuwa amri inakwenda pande zote. Hiyo ni kazi ya aliyesomea.

Na jamani, msije mkachukua ile taa ya leza inayouzwa kama toi mkamulika nayo macho ya mtu. Leza inaunguza utando wa nyuma, na hiyo nayo haiponi.

MWANGA WA BLUU

Sasa tuje kwenye hii mpya. Kwa zaidi ya miaka mia wanasayansi waliamini jicho lina aina mbili za seli zinazohisi mwanga, za usiku na za mchana. Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake, Marekani, wakakuta protini mpya inayohisi mwanga kwenye ngozi ya chura. Ndiyo, ngozi ya chura. Wakaiita melanopsini. Baadaye ikakutwa kwenye jicho la binadamu pia, na mwaka 2002 David Berson na wenzake wakaonyesha kwa panya kwamba baadhi ya seli zile zile zinazotoa nyuzi za mshipa wa fahamu zinahisi mwanga zenyewe, bila kusubiri kuambiwa na zile za usiku na mchana. Hizi hazitengenezi picha. Kazi yake ni kuweka saa ya mwili sawa, na kuishika mboni ibane.

Seli hizi zinapenda mwanga wa bluu. Ukimpiga mtu mwanga mkali wa bluu kisha ukauzima, mboni haifunguki mara moja, inaendelea kubana kwa sekunde kadhaa. Ukimpiga mwekundu na kuuzima, inarudi haraka. Na kwa kuwa glaukoma inaua seli hizo hizo zenye nyuzi, mwenye ugonjwa anabana kidogo zaidi kwenye bluu na kuachia mapema. Tofauti na tochi ya zamani, hapa hulinganishi jicho na jicho. Kila jicho linapimwa kivyake, kwa hiyo hata wale wenye macho yote mabovu sawasawa wanaweza kunaswa.

Singapore ndiko walikofika mbali. Kikundi cha kina Raymond Najjar na Dan Milea kilitengeneza kifaa cha kushika mkononi kinachomulika bluu na nyekundu huku kamera ya mwanga usioonekana ikirekodi mboni. Kamera hiyo haijali kahawia wala bluu ya jicho, kwa hiyo ile shida yetu ya macho meusi inapungua sana. Kipimo kinachukua kama dakika moja. Walipokijaribu kwa watu zaidi ya 300, wagonjwa na wazima, kilipatia karibu tisa kati ya kila kumi kwa pande zote mbili. Kwenye ugonjwa uliokwisha kukomaa kinafanya vizuri zaidi kuliko kwenye ule unaoanza, na hilo ni tatizo, kwa sababu unaoanza ndo tunaoutaka.

Tisa kati ya kumi inasikika tamu. Hebu tufanye hesabu ya darasa la saba. Chukua watu 1,000 wa miaka 40 kwenda juu hapa wilayani. Kwa kiwango cha Kongwa, 40 hivi wana glaukoma. Kifaa kinachopatia 88 kwa kila 100 kitawakamata 35 na kuwaacha watano waende nyumbani wakiwa na furaha ya bure. Kwa wale wazima 960, kitakosea 12 kwa kila 100, ambao ni kama 115. Kwa hiyo utawaita watu 150 na kuwaambia panda gari uende hospitali kubwa, na katika hao 115 hawana kitu. Nauli ya Katesh unaijua. Nauli ya Moshi ndo usiseme. Anayerudi akiwa ameuza mbuzi ili aambiwe "huna tatizo" hatakusikiliza mara ya pili, na jirani zake pia.

Hii haimaanishi kifaa ni kibaya. Inamaanisha kikija kije pamoja na mtu wa hatua ya pili hapa hapa karibu, anayeweza kupima presha na kuangalia mshipa, ili wale 115 wasifunge safari. Mfano wa simu upo tayari kwa majirani zetu: Nakuru, Kenya, daktari Andrew Bastawrous na wenzake walitengeneza programu ya simu ya kupima nguvu ya kuona, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo kwamba inafanya kazi karibu sawa na ile chati ya ukutani. Kwa hiyo vifaa vidogo vinawezekana huku kwetu. Ila zile programu za kupakua bure zinazodai kupima glaukoma kwa kamera yako ya kawaida, mimi nisingempa mzazi wangu.

AKIGUNDULIKA, INAKUWAJE?

Matone ya kila siku, maisha yote. Au mwanga wa leza wa hospitali. Au operesheni ya kufungua njia ya maji. Yote yanashusha presha, hakuna linalorudisha kilichopotea, na hili inabidi mzee aambiwe wazi mwanzoni, la sivyo baada ya mwezi atasema dawa haisaidii kwa sababu haoni vizuri zaidi, ataacha.

Kuhusu leza, Watanzania tuna la kujivunia. Pale KCMC, Moshi, kulifanyika utafiti wa wagonjwa 201 walioandikishwa kati ya 2015 na 2017. Nusu wakapewa matone ya timolol, nusu wakapigwa leza kwenye kile kijichujio cha maji. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Majibu yalitoka mwaka 2021 kwenye jarida kubwa la The Lancet Global Health. Mashine ya leza ni ghali kwa hospitali, lakini kwa mtu wa kijijini kupigwa mara moja, au kurudia mara moja, kuna nafuu kuliko kutafuta chupa ya matone kila mwezi mvua zikiwa zimekata barabara. Ukimpeleka mzee, uliza kama leza ipo na kama inamfaa.

Kuhusu timolol: mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole amwambie daktari kabla. Tone la jicho linaingia kwenye damu, linaweza kumbana kifua. Usimgawie bibi wa jirani dawa ya babu yako eti macho yao yanafanana.

Na hili sasa ni lenu ninyi vijana moja kwa moja. Wale wenye macho ya kuwasha kila msimu wa vumbi, mnaingia duka la dawa mnapewa kichupa, yanatulia, mnarudia kununua kila mwezi. Soma jina kwenye kichupa. Kama kuna dexamethasone au betamethasone, hiyo ni steroidi, na ukiitumia kwa miezi bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho na kukuletea glaukoma ukiwa na miaka 20. Haijalishi babu alikuwa nayo au hakuwa nayo. Dawa nzuri ikitolewa na daktari kwa siku alizosema, hatari ukijiongezea mwenyewe.

NANI AANZE KWENDA

Kama kuna mtu wa damu yenu, baba, mama, kaka au dada, aliyeambiwa ana glaukoma au "presha ya macho", ninyi wengine hatari yenu ni mara kadhaa ya mtu wa kawaida. Hao ndo wa kwanza. Kisha wote waliopita 40, hasa wanaojigonga pembeni au wanaokanyaga vitu vilivyo miguuni. Kwa upande wetu huu, hospitali kubwa inayojulikana ni ya Kilutheri Haydom, upande wa Mbulu, iliyopo tangu 1955. Ulizia kwanza siku ambayo mtaalamu wa macho yupo, usiende kubahatisha. Wakikuandikia rufaa, idara ya macho ya KCMC ndo wazoefu wa ugonjwa huu, na walio karibu na barabara ya Singida wengine huona rahisi kwenda Mvumi, Dodoma, ambako huduma ya macho ni ya miaka mingi.

Usipeleke mzee mmoja mmoja kama wako watatu wanaohitaji. Gari moja, kijana mmoja wa kuwasindikiza, vyeti vya zamani na vichupa vya dawa wanazotumia kwenye mfuko mmoja.

Kwa waliowahi kumpeleka mzazi kupimwa macho mwaka huu, tuandikieni hapo chini: ilikuwa siku gani ya kliniki, mlitumia nauli kiasi gani, na kama mboni zilimulikwa kabla ya ile dawa ya kutanua. Wengine watapanga safari kwa kusoma hayo.